Bwana Hili, mwana wa nani?

Jumamosi. Unyevu wa bahari umepanda tangu alfajiri na vioo vya madirisha vinatoka jasho kwa nje. Ndani kiyoyozi kinavuma. Sina huzuni, sina furaha. Nimekula mkate wa jana nikiwa nimesimama.

Mke wangu Zuwena alipokuwa hai, Jumamosi asubuhi ilikuwa ya Bwana Hili.

Huyo ni babu yake, Mwingereza, fundi wa mashine za meli aliyeshuka Unguja na asipande tena. Alipotaka kuoa alisilimu akaitwa Abdalla, lakini mtaani alibaki Bwana Hili. Familia ilipohamia huku Maskati, binti yake, Bi Nunu, aliulizwa jina la baba na la babu, kama anavyoulizwa kila mtu hapa. Akaandikwa Nunu binti Abdalla bin Hili. Miaka yote hii ameamini babu yake aliitwa Hili.

Zuwena ndiye aliyegundua kwamba Hili ni Hill, jina la ukoo, na kwamba huko Uingereza wenye jina hilo hawana idadi. Bwana Hili mwenyewe alikuwa William. Baba yake William ndiye asiyejulikana. Zuwena akamwahidi Bi Nunu, shangazi yake, kwamba atamtafuta. Mimi alikuwa akinitania tu: "Natafuta jina hili." Nikiuliza lipi, anacheka.

Tangu afariki, naendelea mimi.

Si ukoo wangu. Nafungua kompyuta yake, na ile tovuti ya kumbukumbu za kale inasalimu: Karibu tena, Zuwena. Nasoma sensa, vitabu vya ubatizo, orodha za mabaharia. Wamebaki William wawili. Umri mmoja, mji mmoja wa bandari, wote mafundi wa meli. Mmoja ni mtoto wa George, mwingine wa Thomas. Hakuna popote panaposema ni yupi aliyeshuka Unguja.

Nimelijua hilo kwa muda sasa. Bi Nunu akipiga simu namwambia, bado natafuta.

Leo amepiga tena, kutoka kwake, mjini Qurayyat.

"Mwanangu, nna macho mabovu na magoti mabovu. Nambie tu, miye binti Abdalla bin nani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kumbe Hili si mtu?"

"Si mtu, Shangazi. Ni ukoo. Maana yake kilima."

"Basi siye watu wa mlimani. Na miye ngazi ya nyumba yangu inanishinda."

Akacheka peke yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Zuwena akimpenda yupi katika hao wawili?"



Najua alikuwa akipuliza chai hata ikiwa imeshapoa. Najua alikuwa akivua pete kabla ya kuandika, akaiweka ndani ya kisahani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha kuivaa. Najua alivyokuwa akiyasoma majina ya wale wazee kwa sauti, taratibu, kama anayeita watoto waingie ndani.

Hili sikumuuliza.

"Sijui, Shangazi," nikasema. "Wala hatutajua tena."

Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe chake.

"Haya. Basi n'achie Hili wangu. Nimeshamzowea. Na wewe ule, nasikia hupiki."

Baada ya simu nimefungua kompyuta. Karibu tena, Zuwena. Nimekaa mbele yake bila kuandika kitu. George na Thomas wako palepale nilipowaacha.

Ukweli ni kwamba utafutaji ulikwisha kitambo. Nilikuwa nikifungua kwa ajili ya salamu ile.

Jumamosi ijayo nitafungua nini?