Anayeshika Simu Kisu Kikirushwa

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi sokoni Zhanqian, huku Uchina, mchana godauni, kama kawaida. Nimefunga mabelo ya jinzi mpaka vidole vimekufa ganzi. Rajabu, mume wangu, amerudi na sampo mbili za visu vya kambi, za kuonyesha wateja. Oda ya Bakari wa Moshi, anayewauzia vifaa waongoza watalii wa mlimani. Kisu kizuri, sikatai. Mpini wa plastiki ngumu umebanwa kwa skrubu. Kinanyoa malaika ya mkono.

Wateja wa nyumbani hawaamini picha. Wanataka waone mzigo ukiteswa kwenye video. Begi tunalivuta, sufuria tunaiangusha, kiatu tunakikunja. Mume wangu anatesa, mimi nashika simu. Leo kisu amekirusha kwenye paleti ya mbao iliyosimamishwa ukutani. Kimenasa. Grupu la wateja limechangamka kama harusini.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya hiyo paleti. Sikupenda.

Jumanne, 9 Septemba

Bakari anataka aone ncha inavyozama. Kwa hiyo Rajabu kasema nisogee na simu. Nikasogea. Kwa nini nilisogea?

Kimenasa mara kadhaa, kisha kikatangulia mpini. Kimedunda, kikaserereka sakafuni mpaka kwenye ndala zangu. Rajabu amecheka. Mimi sikucheka. Wali wa jioni umeungua na sikumwomba mtu radhi.

Alhamisi, 11 Septemba

Sampo moja imeondoka na abiria wa Sanyuanli anayerudi nyumbani, itamfikia Bakari. Nyingine nimeichukua mwenyewe. Mpini unacheza. Skrubu zimelegea, na tulizipokea zimekaza.

Nimerudi nacho kwenye duka kilikotoka. Nikamfanyia laoban, mwenye duka, ishara ya kurusha. Akapunga mkono kama anafukuza nzi: bu xing, bu xing. Haifai. Visu vya kurusha amevitundika ukuta mwingine kabisa. Nimevishika. Chuma kitupu toka ncha mpaka mkiani, hakuna mpini wa kubandika, makali hakuna. Ukiviona unadhani havijamalizwa. Kumbe ndivyo vinavyotakiwa, maana kazi yake ni kugonga. Chetu chuma chake kimefanywa kigumu ili kishike makali. Chuma cha hivyo kikigonga vibaya hakipindi. Kinakatika.

Nimemweleza Rajabu yote. Kasema, "Mama Zulfa, usinitie nuksi. Biashara imeanza kuchangamka." Nimekasirika, halafu nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kunanikera zaidi. Zulfa yuko Dar kwa bibi yake, na video zote anaziona. Anamwona baba. Mama haonekani, ni mkono tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Video mbili zaidi. Kila anaponyanyua mkono, mimi roho mkononi.

Jumapili, 14 Septemba

Ncha imekatika.

Sikuiona. Nimesikia kitu kinapita karibu na sikio, basi. Kipande cha kisu kilichobaki kilikuwa chini, butu, mpini umeachana vipande viwili. Ncha tumeitafuta sakafuni, hatukuiona. Rajabu ndiye aliyeiona. Imejichoma kwenye boksi nyuma ya mahali niliposimama. Usawa wa macho yangu.

Ameketi juu ya belo. Kasema nimsamehe. Nilikuwa naogopa kufungua mdomo, maana ningelia au ningemtukana, na wabeba mizigo walikuwa wanatazama. Nimetembea peke yangu mpaka nyumbani. Njiani nilikuwa nagusa sikio kila mara.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijashika simu yake kurekodi. Nguo amefua yeye.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Rajabu amefuta video zote kwenye grupu. Ameandika mwenyewe: kisu hiki ni cha kamba, nyama na vijiti vya moto, asikirushe mtu. Ameweka na picha ya ncha ndani ya boksi. Nilisimama nyuma yake nikisoma. Nimeanza kumsamehe, ingawa sijamwambia.

Bakari akajibu kwa video. Sampo imemfikia. Anakirusha kwenye mlango wa stoo, anacheka, anasema sisi wa Uchina ni waoga. Picha inatikisika. Iko karibu mno na mlango. Pembeni kuna kidole gumba kimeziba kidogo, kina hina.

Nimepiga. Nikamwomba Bakari anipe aliyekuwa ameshika simu. Ni mkewe. Hatujawahi kuongea. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nashika simu ya huku, na lile boksi lilikuwa nyuma ya kichwa changu. Nikamwambia, "Dada, akikuomba tena, kataa. Toka hapo mlangoni."

Akasema, "Haya, dada yangu. Nilidhani ni mimi tu ninayeogopa."

Kabla hajakata nikamsikia akimwambia mumewe alete hicho kisu jikoni, kuna nyama ya kukata.