Jina la Zéphirin

Jumapili, 3 Juni 1956

Sijawahi kumwambia mtu: karte ya ubatizo ya Ramazani niliiandika mimi. Padri hunipa kazi ya kunakili kitabu cha wabatizwa, kwa sababu ya mwandiko wangu. Timu ya basketi ya misheni inapokea wabatizwa tu. Ramazani ni Mwislamu, mgeni kutoka Salamabila, na hakuna anayeruka kama yeye hapa Kasongo. Nikampa jina la kaka yangu, Zéphirin, aliyekufa kijijini Wamaza akiwa na miaka miwili. Ubatizo wake umo kitabuni; kifo chake hakikuandikwa hapa.

Leo tumewashinda Kabambare, 31 kwa 22. Ramazani peke yake kumi na tisa!

Jumatano, 6 Juni

Bwana wa kampuni amefika toka Bukavu. Anamtaka «Zéphirin» kwa timu yao. Kazi yake basketi tu, asubuhi na jioni. Nyumba ya matofali. Viatu!

Ramazani alicheka mpaka akakaa chini. — Na weye Théophile, urefu wako ni wa kuchumia papai tu!

Kweli.

Ijumaa, 8 Juni

Bwana anataka mzazi atie kidole kwenye mkataba. Padri akafungua kitabu, akasoma majina ya wazazi, akaniita. — Kumbe ni kaka yako! Mbona hukusema?

Nilijibu kwamba sikutaka kujivuna. Akanisifu.

Akaagiza Mama aje Jumatatu.

Jumapili, 10 Juni

Mama alikuja uwanjani, mara ya kwanza. Sikumwita. Nyumbani jina lile halitajwi tangu mazishi. Hapo watu mia mbili wanapiga kelele: Zefirini! Zefirini!

Aliacha kumenya karanga.

— Yule iko na miaka ngapi?

Kumi na tisa, nikasema. Akahesabu kwa vidole, tangu mwaka aliozaliwa kaka yangu. Akarudi kwenye karanga zake.

Jumatatu, 11 Juni

Ramazani alinisubiri nje ya darasa. Hakutania. — Nikisema jina langu, narudi Salamabila kuchimba mgodini. Ao umulete mama yako. Chagua, ndugu.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilimwambia yote, kuanzia karte. Alipepeta mpaka mwisho, akanawa mikono, akavaa kikwembe cha misa.

Mlangoni akauliza:

— Huyo Ramazani, mama yake iko?

Nikasema alikufa.

Alitangulia, nikamfuata mpaka misheni. Padri alimfungulia, akamwita mama Zéphirin. Aliitika, akaingia. Mimi nilikaa kwenye ngazi, karibu na Ramazani, nikatoa daftari hili.