Herufi Zenye Mapengo za Gereji Bora

Baba,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Zile herufi za bango la Gereji Bora kule Mikumi, ambazo watu wanasema ndizo kazi yako ya mwisho, ni zangu.

Unakumbuka fundi Sudi, mwenye gereji hiyo, alivyokuja kwenye karakana yetu hapa Kilosa, akitaka bango lenye "herufi za miaka inayokuja"? Ulicheka, ukakubali, halafu ukaugua. Baada ya arobaini yako alirudi kuulizia herufi zake. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kununua brashi zako. Nikasema, "Zipo." Sikusema ni za nani.

Na kweli zilikuwepo. Nilikuwa nazikata tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne, kwenye zile filamu za eksirei ulizokuwa unatunza, ili rangi ipite kwenye matundu yake. Duara zote kwa bikari yangu ya shule, mistari yote unene mmoja. O ni nusu duara mbili zinazotazamana. A haina mstari wa katikati.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuacha kishikizo, kile kipande chembamba kinachoshika tumbo la O lisidondoke unapokata. Na ukanifundisha kwamba rangi ikikauka, nichukue brashi nizibe pengo lake. "Ziba, Zaina. Mteja asione mifupa."

Baba, sikuziba. Nilikuwa juu ya ngazi kule Mikumi, brashi mkononi, nikaona kwamba nikiziba zitakuwa O na B za kila duka. Nikashuka.

"Vipi, rangi imeisha?" akauliza fundi wa matairi. Wenzake wakacheka. Fundi Sudi akarudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara, akatazama. Nilitamani lori lipite linifiche. Nilijua akikataa, brashi zako zinauzwa.

"Chekeni tu," akawaambia mafundi wake. "Chombo cha anga kikiharibika kitajua pa kuegesha. Marehemu alikuwa na akili!"

Nikapumua. Tangu ututoke sikuwahi kupumua hivyo. Nikacheka peke yangu nikiosha brashi.

Mama hauzi tena kitu. Jana mwenye duka la mbolea kutoka Magole alikuja kutaka "zile za mapengo." Alipoondoka, Mama akasema, "Baba yako angekuwepo…" Nilitaka kumwambia. Badala yake nikachukua bikari.

Kwa mdomo siwezi, unanijua. Lakini kwenye bango la Magole, kona ya chini, pale ulipokuwa ukiandika jina lako, nitaandika langu. Kisha nitamwita Mama alisome rangi ikiwa bado mbichi.

Vishikizo nitaviacha, na mapengo yake pia. Brashi zako nitaziosha kila jioni.

Lala salama, Baba. Mpaka Mama aione hiyo kona, nakuomba, hili libaki letu wawili.

Mwanao,
Zaina