Sauti Niliyokuomba Uitoe

Kaka yangu Wafula,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa ukiniambia kwamba siku nitakayoolewa utanipigia muziki wewe mwenyewe, na hakuna dijei atakayegusa hata waya. Nimeolewa na Njoroge, yule yule wa duka la mbegu hapa Kitale, na sasa tuna miezi mitatu. Nina furaha mpaka naona haya kukuandikia. Ananiwekea maji ya kuoga kabla sijaamka. Sokoni anamwambia kila muuza mboga, "Mke wangu anapenda murenda mchanga," hata kama hakuulizwa. Akicheka, nami nacheka kabla sijajua tunacheka nini. Kila nikimtazama nasema moyoni, Wafula angempenda sana huyu. Halafu nakumbuka.

Nakumbuka kwamba tulikuzika mwaka jana wakati wa mvua, kando ya nyumba ya Baba, na mimi nilikuwa sijakuomba msamaha.

Wacha nianze pale pale ulipoanza wewe. Chumba kimoja nyuma ya jikoni kwetu Bungoma, umetundika mablanketi ya Mama ukutani ili sauti isirudi, na laptopu yako ya mitumba iko juu ya stuli. Siku hiyo ulikuwa unapiga mtungi wa plastiki kwa kijiti, kwa sababu ngoma za kwenye kompyuta ulisema ni za kila mtu. Mimi sikujua unarekodi. Nilisimama mlango wa jikoni na birika mkononi nikaita kama ninavyoita siku zote, "Wafula, chai inapoa."

Ikaingia. Ulitaka kuifuta, ukaisikiliza tena, ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukasema, "Wacha ikae. Hiyo ndiyo saini yangu."

Na kweli ikawa saini. Kila biti uliyoiweka mtandaoni, mdundo mtupu ukingoja mwimbaji, ilianza na sauti yangu, na katikati niliita tena. Mwimbaji akiipenda biti, ilibidi akutafute, muelewane, ndipo umpe ile safi isiyo na mimi. Asiyekutafuta alibaki na dada anayemwita kaka yake aje anywe chai, na nani ataimba mapenzi juu ya hiyo? Ulizunguka Webuye na Bumula na spika ndogo mgongoni, flashi zimejaa mfukoni, ukiwaachia vinyozi na watu wa bodaboda wakuchezee. Nikipita Kanduyi walinipigia kelele, "Chai inapoa!" Nilijifanya nimekasirika. Sikukasirika hata siku moja.

Kisha nikampata Njoroge, na watu wake wakasema wanakuja nyumbani kututembelea. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa mjini alikuwa ameimba juu ya biti yako bila kukuuliza, mambo ya pombe na viuno vya wasichana, na sauti yangu akaiacha humo humo. Naita chai, halafu yanafuata maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nimesikia kwamba mama yake Njoroge ni kiongozi wa akina mama kanisani. Nikaogopa, Wafula. Nilimwona tayari akikunja uso, na sikuwa nimemwona hata mara moja.

Nilikukuta kwenye kamba ukianika shati. Nikakwambia utoe sauti yangu.

"Kwa huo wimbo tu?"

"Kwa biti zote."

"Zote kabisa?"

"Zote."

Ulibana shati kwa kibanio, ukachukua lingine. "Basi sawa bana. Wewe ukisema umesema." Nikakushauri uweke sauti ya msichana mwingine. Hapo ndipo ulinitazama. "Ati mwingine? Kwani yeye ndiye alikuwa ameshika birika?"

Ulikaa wiki mbili ukizitoa biti moja moja na kuzirudisha zikiwa tupu. Zilikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Mimi ndiye niliyeung'oa. Kabla mahindi hayajavunwa, biti ya mtungi ilikuwa ndani ya wimbo wa mtu wa mbali ambaye hata hatumjui, na wimbo ule ulichezwa kila duka la Bungoma. Ulimfuata mtangazaji mmoja ukamwambia hiyo kazi ni yako. Akakuuliza, "Na kitambulisho chake kiko wapi?" Ulitusimulia jioni hiyo mezani kama kichekesho, ukiigiza anavyovuta miwani puani. Mama alicheka. Mimi niliinama nikaendelea kumega ugali ambao sikuumeza.

Hukusema kwamba kitambulisho kilikuwepo na dada yako akaomba kitolewe. Hukunisema mbele ya Mama, wala tulipobaki wawili. Heri ungenigombeza. Ningelia, tungeyamaliza. Nilijiambia nitakueleza harusi ikipita, nikiwa na raha. Halafu ikaja homa ya mapafu, na wiki moja ilitosha.

Sasa sikia ya harusini. Tunaingia hemani, nimemshika Njoroge mkono, watu wamesimama, na dijei anacheza nini? Wimbo ule. Mtungi wako. Pigo la kwanza tu nikaujua. Hema lote lilicheza, wazee kwa akina mama, na hakuna aliyejua wanamchezea nani. Njoroge alinifuta machozi akidhani ni ya furaha. Mengine yalikuwa ya furaha, siwezi kukudanganya. Lakini uliniahidi kunipigia muziki siku yangu na ukanipigia, nami nilikuwa nimekufutia jina.

Juzi tukimenya viazi nyuma ya duka nilimweleza mama mkwe. Yote, mpaka ile kamba ya nguo. Aliweka kisu chini.

"Ngoja. Ile ya chai? Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Si Njoroge alikuwa akiicheza hapa dukani kila siku! Mimi hiyo ndiyo nilikuwa nangojea nicheke. Mbona mliitoa?"

Nilimhukumu bila kumuuliza, na hukumu ukaitumikia wewe. Alinishika mkono kwa wake wenye maganda. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu, na kila akiniita naona sikupaswa kukufutia jina kwa ajili ya hofu ambayo haikuwa na mwenyewe.

Tumeichukua laptopu yako. Nimetafuta sauti yangu kila mahali na haimo. Uliifuta kweli, kwa sababu wewe ukiahidi huachi kitu nyuma. Lakini kazi zenyewe zimo, kila mlio peke yake. Mtungi peke yake, besi peke yake. Na kabla ya pigo la kwanza unasikika ukikohoa kidogo. Hicho kikohozi hakuna mwingine aliye nacho. Nimekicheza mpaka Njoroge akaninyang'anya simu na kunikumbatia.

Yeye amejifunza jinsi ya kuziweka mtandaoni, na ukurasa una jina lako. Bado hatujaweka hata biti moja, kwa sababu zinanisubiri. Nimejaribu kurekodi hapa Kitale, chumbani, mara kumi na moja. Inatoka kama mtu anasoma matangazo kanisani. Njoroge alisikiliza akasema polepole, "Mpenzi, hapo hakuna chai."

Ni kweli. Kwa hiyo Jumamosi tunakuja Bungoma. Mama ametunza kikombe chako kile kilichokatika mkono. Nitapika chai, nimimine, Njoroge atakaa kwenye stuli yako chini ya mablanketi na maiki ikiwa wazi, nami nitasimama mlango wa jikoni niite, kwa sauti ile ya kusikika mpaka kwa jirani. Mama mkwe amesema lazima awepo. Tangu hapo, anayetaka biti yako atanikuta mimi mlangoni kwanza, na nitamwambia ni ya nani. Sitang'oka tena hapo.

Lala, kaka yangu. Jumamosi saa nne ukisikia unaitwa, usiamke, ni mimi tu. Chai nitainywa kwa niaba yako, hata ikiwa imepoa.

Dada yako,
Nekesa