Baba Anakusalimu

2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima na masikio hayajazidi kuziba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imeniamulia. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinanilaumu. Cherehani inakwendaje, na wale wateja wako wanaoleta kitambaa leo wakitaka nguo jana?

Uliniuliza nasoma nini hasa, maana ukimwambia shoga yako "uhusiano wa kimataifa" anadhani nasomea kuoa mgeni. Haya, nikueleze. Kikundi chetu cha utafiti kinachunguza Ulaya na China. Wakubwa wao wakikutana, mwishoni hutoa tamko. Tamko lenyewe ni adabu tupu, kama barua zetu: tumefurahi, tunathamini, tutaendelea. Ukilisoma hivi hivi unasinzia. Kazi yetu ni kuliweka kando ya lile lililotangulia, na lililotangulia lile, tukatafuta kilichoondolewa. Profesa wetu tunamwita Mama Nukta, kwa sababu hata nukta ikihama halali. Yeye husema wakubwa wakikosana hawaandiki kwamba wamekosana. Wanaacha tu kusema jambo walilozoea kulisema.

Tarehe 14 Aprili natetea tasnifu yangu mbele ya jopo. Nikipita nimemaliza. Nikikosa kutokea, udhamini umekatika na kazi yote imekwenda na maji. Niombeeni.

Kabla ya hapo tuna zoezi moja. Kila mtu alete darasani maandishi ya adabu kutoka kwao, wenzake wayasome kama wanavyosoma matamko. Mimi napeleka barua zako. Usinune, nitazitafsiri vizuri.

Baba hajambo? Mwambie nywele zangu nimemtunzia, hakuna kinyozi wa huku aliyezigusa. Simu yake imepona? Tangu iingie kwenye beseni sijaisikia sauti yake.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe uliye ndani ya friji. Masikio ni yale yale. Kiwanda cha nguo kilishayala zamani, yaliyobaki ni ya kuvalia herini. Nashukuru hizi barua za kwenye simu, maana kwa kupigiana ningekuwa najibu "ndiyo" kwa kila kitu, ungeniuza bila mimi kujua.

Sasa barua zangu zina nini cha kusomwa na wasomi? Haya, zipeleke, lakini pale nilipomsema mke wa fundi bomba uparuke. Dunia ndogo.

Huku mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani, chumba kizima kinanuka, nimeshonea uani wiki nzima. Sare za shule zimenielemea. Nimemaliza za wasichana, za wavulana bado zipu.

Baba yako anakusalimu sana. Simu yake haijapona.

Kula vizuri.

Mama


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai uko salama. Mimi sijui nianzie wapi.

Leo tulikuwa na lile zoezi. Chumba kidogo cha ghorofa ya tatu, meza moja ndefu, na barua zako zote tangu nifike huku zimepangwa juu yake. Waliozisoma ni wawili. Mmoja ni kijana wa Ulaya tunayemwita Mrefu. Mwingine ni jirani yangu wa bwenini, binti kutoka China, tunamwita Bi Kimya. Hawakujui wala hawamjui Baba. Nilikuwa nimekaa pembeni nakula biskuti, nangoja wacheke.

Bi Kimya akaniuliza, "Huyu baba ni nani?" Nikamwambia ni kinyozi, na kwa domo hana mpinzani mtaa mzima. Akasema, "Huku mwanzoni anafanya mambo. Amemkwaruza mteja sikio, halafu akamlaumu mteja kwa kuwa na sikio kubwa. Amegombana na redio. Amesema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye ndiye anayezipunguza. Kuanzia Oktoba hafanyi kitu chochote. Anasalimu tu."

Mrefu akapekua, akasema, "Na simu iliingia majini mwezi huo huo."

Mama Nukta akavua miwani. Akasema darasa limekwisha. Wakakusanya vitu vyao polepole na hakuna aliyeniangalia usoni.

Nimepigwa na butwaa, Mama. Barua hizi nimezisoma kwa macho yangu haya. Nazisoma serikali za watu mstari kwa mstari, lakini za kwetu nilikuwa nazisoma huku napuliza chai.

Naomba uniambie Baba anafanya nini. Najua anasalimu. Nauliza anafanya nini.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kumbe ndiyo tuliyokusomeshea, uende ukaanike nguo zetu za ndani mbele za watu. Huyo binti na huyo mrefu wangekuwa na kazi za kufanya wasingehesabu maneno ya mama wa mtu.

Baba yako hajambo kabisa. Leo ameamka mapema, ametengeneza bawaba ya mlango, amebeba mtungi wa gesi kutoka dukani, amefungua saluni na kunyoa watu, mchana amepanda paani kuziba panapovuja, na jioni hii yuko nje anacheza drafti. Umeridhika?

Soma. Achana na kuchimba chimba.

Mama


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo wa Baba haujabeba hata ndoo ya maji tangu niko shule ya msingi. Leo umembebesha mtungi na bado ukampandisha paani. Hujui kudanganya, Mama. Hujawahi kujua.

Nitumie picha yake. Moja tu, ya leo, hata akiwa amenuna.

Kama huna picha ya kutuma basi nimeshaelewa, na wenzangu nao wameelewa. Mrefu ameleta maua. Bi Kimya ananiachia chai mlangoni asubuhi, kisha anaondoka. Wanamlilia mtu ambaye mkewe ameniandikia jana kwamba anacheza drafti. Mimi nimelia mpaka kichwa kimekuwa kizito, halafu najiambia labda nimekosea, nacheka, halafu nalia tena. Nikifungua tasnifu naona herufi tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeogopa kuliandika neno hili, lakini wewe umenilazimisha. Kama Baba amekufa, niambie amekufa. Mimi si mtoto.

Nimemwambia Mama Nukta sitatetea. Amesema nisijiondoe, nisubiri jibu lako kwanza. Nasubiri.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako nimeifungua na kuifunga, nikaifungua na kuifunga. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Baba yako yu hai. Yuko hapa, mita moja kutoka kwenye cherehani, ananitazama ninavyoandika.

Oktoba alikuwa saluni ananyoa mtu. Mashine ikamdondoka. Mteja akadhani ni vituko vyake vya kila siku, akacheka, akamwambia ajiokotee mwenyewe. Baba yako naye akaenda chini, simu yake ikadumbukia kwenye beseni la kuoshea vichwa. Kiharusi. Yule mteja ndiye aliyembeba mpaka hospitali, akakaa na mimi kwenye benchi mpaka jioni, kichwa nusu kimenyolewa nusu hakijanyolewa, watu wanapita wanamshangaa, na wala hakujali. Mungu ambariki, sikuwahi hata kumuuliza jina.

Mkono wa kulia umekufa ganzi. Ulimi nao. Yule baba yako aliyekuwa anaongea mpaka na taulo, hawezi kutamka jina langu.

Mjomba wako ndiye aliyesema usiambiwe mpaka utetee, na sote tukakubali. Na wewe unajua ndivyo tulivyo, mtoto aliye kwenye mtihani habebeshwi habari. Mimi babu yako alizikwa nikiwa kwenye mtihani wa ushonaji. Nikaja kuambiwa nimesimama kizingitini, cheti kiko mkononi, nacheka. Sikuwahi kuwasamehe, na bado wewe nimekufanyia vile vile. Baba yako naye, siku tuliyotaja jina lako, alinivuta nguo kwa mkono wa kushoto akatikisa kichwa. Hakutaka.

Kutunga uongo siwezi, umeona mwenyewe yale ya paani. Ndiyo maana nikawa naandika tu kwamba anakusalimu. Hilo lilikuwa kweli. Nikisoma barua zako kwa sauti ananyanyua kidole.

Usidhani tunalia kutwa. Nyumba hii mmoja hasikii, mwingine hasemi, na hatujawahi kuelewana namna hii. Jana nilimwambia kwamba mwanao amekulilia, wageni wamekuletea maua, ameshakuzika. Akacheka upande mmoja mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua chaki yangu ya kupimia, kwa mkono wa kushoto, akaandika juu ya kitambaa cha suti ya mteja, herufi kubwa zimepinda pinda: BADO.

Nimekifua kitambaa mara mbili na bado inasomeka.

Usije sasa. Tetea kwanza.

Mama


20 Machi

Mama,

Shikamoo, na shikamoo Baba. Nyanyua kidole.

Niliisoma barua kwenye ngazi za maktaba, nikakaa pale pale, watu wananiruka. Nimeshtuka kuliko siku ile ya zoezi. Nilikuwa nimeshajipanga na kifo, kumbe ni mtu aliye hai amekaa miezi yote hii pembeni ya cherehani, mimi namwuliza habari za simu. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Nimekasirika, Mama, nimekasirika sana, na hapo hapo nataka kuruka ruka barabarani.

Nimewaambia wenzangu. Mrefu akauliza maua afanye nayo nini. Nikamwambia ayatie maji. Bi Kimya amelia sasa, ambapo siku zile zote hakutoa chozi. Amesema kwao alipokuwa kwenye mtihani wa kuingia chuo, bibi yake alifariki, naye akafichwa.

Nimekata tiketi. Natetea tarehe 14, tarehe 15 niko njiani. Mama Nukta amenisaidia kupanga. Kwa hiyo nitabaki, kama mnavyotaka. Lakini naomba kitu kimoja. Usinifiche tena. Likitokea jambo lolote niambie siku hiyo hiyo, hata kama nimesimama mbele ya jopo mdomo wazi. Tasnifu inaweza kuandikwa upya. Siwezi kupokelewa kizingitini kama wewe. Niahidi.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Baba yako amekula vizuri juma hili, na usingizi anapata.

Ahadi yako siitoi. Nimeifikiria nikiwa nashona, nimekosea hata mshono wa kiuno kwa sababu yako. Unaniomba nikuangushe mwenyewe, kwa mkono wangu, siku uliyoihangaikia miaka. Mama gani anaweza? Halafu nikiahidi ni kama nimekubali kwamba kuna jambo linakuja. Hakuna linalokuja. Usiliite.

Badala yake nikupe habari njema. Amejifunza kushika mkasi kwa kushoto. Mjomba wako akajifanya shujaa, akakaa kwenye kiti, akasema nyoa. Sasa mjomba wako anavaa kofia ndani ya nyumba, na tumeambiwa tusiulize. Daktari amesema hayo ndiyo mazoezi, aendelee. Lakini wa kumpa kichwa hatuna, tunakungoja wewe.

Shati lako la kutetea nimelituma na mwanafunzi mmoja wa hapa mtaani anayerudi huko. Pindo la mkono nimeacha refu kidogo, najua unapenda kuficha vidole ukiogopa.

Baba yako anakusalimu. Amekaa dirishani, anawagongea kioo watoto wa jirani, wakigeuka anajifanya amelala.

Mama


13 Aprili

Mwanangu,

Baba yako amefariki leo asubuhi. Kilimpata kiharusi kingine, hatukufika hospitali. Nilikuwa nimemshika mkono ule unaosikia.

Mjomba wako amenikataza kukuandikia. Shangazi zako wamenikataza. Uani kumejaa watu na wote wanasema ni kesho tu, mwache mtoto amalize, ataambiwa kesho kutwa akishuka. Wameninyang'anya simu kwa upole, wakanipa kitambaa cha kujifutia. Nimemwomba mke wa fundi bomba anipe ya kwake. Nimejifungia bafuni, ndiko naandika.

Nimefikiria namna ya kulisema taratibu, sijaiona. Amefariki. Hakuna kingine humu ndani, usitafute.

Kutetea au kutotetea, amua wewe. Tutakungoja tusizike. Hilo nitalisimamia, waache wanione mkorofi.

Wanagonga mlango. Siwasikii, naona tu kitasa kinavyocheza. Nilitaka ujue kutoka kwangu, na ujue leo.

Mama