Kisima Chini ya Jiko

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichoambatishwa
Umri: miaka 53
Kazi: fundi wa vigae, mwenye duka
Makazi: nyuma ya tangi la maji

Kilichopotea ni ramani yangu ya zamani ya mtaa huu, iliyochorwa kabla haujawa mtaa. Ilitoka mikononi mwangu Jumanne tarehe 9, saa tano asubuhi, na aliyeichukua namjua.

Ramani inaonyesha mashamba, reli, tangi, na kiduara cha buluu: kisima chetu. Mdogo wangu alikwenda kuteka maji akiwa na miaka saba, kingo zikaporomoka naye. Hakutolewa. Baadaye tulihamishwa, trekta likasawazisha, viwanja vikagawiwa. Mama alikufa hajui amwombee akiwa amesimama wapi.

Nilianza kazi kwa kubeba zege. Hesabu nimejifunzia juu ya sakafu za watu. Kwenye ramani hiyo milimita moja ni mita mbili na nusu. Nilipima kutoka daraja la reli, mita 220. Kutoka kwenye tangi, mita 135. Vipimo vikakutana jikoni kwa mpangaji mmoja, mshona nguo.

Nilipiga hodi, akanikaribisha. Nikagonga vigae kwa mpini wa nyundo, kama tunavyokagua kazi. Karibu na sinki vililia utupu.

"Dada, hapo hata paka wangu hakanyagi," alisema. "Nikadhani ni maringo yake tu."

Mwenye nyumba akaingia. Nikamweleza, nikampa ramani ajionee. Aliitazama kitambo.

"Fundi, unatafuta mtu au unatafuta tenda?"

Nikasema namtafuta mdogo wangu. Akaikunja, akaitia mfukoni, eti anampelekea mwanasheria. Jioni nilipoifuata akaniuliza, "Ramani gani?" Ofisi ya upimaji hawana nyingine, zilizobaki zililiwa na mchwa.

Jana mpangaji alinipigia simu: kokoto na saruji zimeshushwa, Ijumaa jikoni panamwagwa zege.

Sidai fidia. Vigae nitabandua mimi, nitarudisha mimi, kwa gharama yangu. Haya ndiyo niliyoyaona na kuyapima, nimeyasema kwa hiari yangu. Namtaka mwenye nyumba ajibu mbele ya afande, kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi: atafungua sakafu, au atammwagia mdogo wangu zege?

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Mwenye nyumba amepigiwa simu saa kumi jioni, hakupokea. Shahidi hajaondoka kituoni.