Mtoto Amehamia Mgongoni

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkwe wako sikufundishwa kuanza maneno bila salamu, na wewe ungekuwa wa kwanza kuninunia.

Siku ya kukuzika walinizuia kusogea kaburini kwa sababu nilikuwa mjamzito. Nilikuaga kutoka mlangoni, nikitazama migongo ya watu kule kibanjani, kati ya migomba. Haikunitosha.

Muda mfupi baadaye mjukuu wako akazaliwa, kabla ya wakati wake. Mdogo mno, Mama! Niliogopa hata kumshika. Nesi wa kituo cha afya alimvalisha kofia na soksi, akamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kanga yako ya zambarau. Akasema hapo ndipo nyumbani kwake mpaka akue. Nikakusikia waziwazi: "Mtoto hubebwa mgongoni! Kifuani ni pa kunyonyea."

Lakini nilikumbuka pia siku ile tukimenya ndizi jikoni, uliponisimulia habari za binti yako wa kwanza, naye njiti. Mlimviringisha matambara mkamlaza kando ya mafiga. Ulisema upande mmoja ulipata moto, wa pili ukabaki baridi, na ukimgeuza ni vilevile. Halafu ukanituma chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yako.

Basi sikumtoa kifuani. Tuliporudi nyumbani, nikichoka alipokea Projestus. Ndiyo, mwanao, yule uliyesema hajui hata kuepua sufuria! Alikaa sebuleni kifua wazi, mtoto kajibanza hapo. Wazee waliokuja kutuona wakaulizana kwa Kinyambo kama mke wake kamlisha kitu. Akawajibu, "Anayecheka aje ashike zamu." Wakarudia vibuyu vyao vya rubisi, pombe yao ya ndizi. Mimi nilicheka mpaka nikalia, maana wewe ndiye uliyestahili kumtania.

Siku nyingine zilikuwa ngumu. Aligoma kunyonya, nikawa namkamulia maziwa na kumnywesha kidogo kidogo kwa kikombe, huku nikimwomba Mungu asimchukue na huyu. Nakwambia bila woga sasa: hakumchukua. Amenona, ana mashavu, na akilia majirani wanajua. Jana nesi alimpima akacheka, akasema huyu kifuani hakai tena.

Tumempa jina ulilokuwa umemwekea yule wa kando ya mafiga, Kokushubira. Projestus akiliita, nyumba nzima inachangamka.

Pumzika, Mama. Mgomba ulio jirani na kaburi lako umetoa mkungu, nami napalilia pale kama ulivyopenda. Jumapili tukitoka kanisani nitakuja kukuaga inavyostahili. Hakuna wa kunizuia mlangoni sasa. Nakuahidi nitasogea mpaka ulipo, na kanga yako ya zambarau, na Kokushubira mgongoni.

Mkwe wako,
Jovitha